Boneti Yenye Joto

Juzi pale Mandewa nilikataa gari la dizeli la viti saba kwa sababu boneti ilikuwa ya moto kabla halijawashwa mbele yangu. Muuzaji akanicheka: “Dada, unanunua gari au unapima homa?”

Mchana mmoja utotoni, baba alinunua la aina hiyo kule Shelui, ili bibi apate pa kujilaza tukimpeleka hospitali. Lilinuka dizeli na ngozi za mbuzi. Niliegemea boneti, nikahisi joto, nikadhani ndiyo afya yake. Baba akauliza, “Unalipenda, mwanangu?” Nikasema ndiyo. Sikujua kwamba injini iliyochoka hupashwa moto kabla mnunuzi hajafika, maana ikipoa haiwaki.

Alfajiri bibi alipozidiwa, liligoma. Majirani walisukuma mpaka jua likatoka. Bibi akasema kutoka kiti cha nyuma, “Nirudisheni ndani, mmechoka.”

Tukamrudisha.