Msumari Mwekundu na Vidonge vya Kulegeza

Mimi sina shule ila chuo cha Kurani, na hicho pia sikukimaliza. Lakini mashua ninazounda zinatembea mpaka Burgao na hakuna iliyozama. Kwa hivyo kiharusi kiliponipiga, kikaukunja mkono wangu wa kulia kama gando la kaa, sikuona wa kunifundisha kitu.

Daktari wa Kismayo alinipa vidonge vya namna mbili: vya presha na vya kulegeza misuli. Hivi vya kulegeza, alisema, peke yavyo havitoshi. Nikishameza, mke wangu anikunjue vidole kimoja kimoja, kila siku. La sivyo, tezo yangu ya kuchongea mbao niisahau.

Siku ya kwanza alipovuta kidole cha kati, nilimpiga nyundo ya kalafati kwa mkono wa kushoto. Jino likatoka. Sitafuti maneno ya kulipamba jambo hilo.

Ndugu yangu akacheka. "Mchu mzima kulishwa tembe na mke! Ubao ukiliwa na wadudu tunautia moto."

Nikamwamini, maana ndivyo tufanyavyo: mashua tunailaza, tunaipiga moto wa makuti chini, mdudu anakufa. Vidonge nikavitupa baharini. Akapasha msumari wa mashua mpaka ukawa mwekundu, akanichoma begani, kwenye kiwiko na kwenye kifundo cha mkono. Harufu ya nyama yangu niliisikia kabla ya maumivu. Madonda yakaoza. Mkono ukazidi kukaza hata kucha zikatoboa kiganja.

Mke wangu akaenda Kismayo peke yake, akarudi na vidonge vingine. Hakunisalimu. Alinifunga mkono wa kushoto kwenye nguzo ya banda kwa kamba ya nanga, akanibana pua mpaka nikameza. Akangoja dawa iingie, kisha akavuta.

Nikamtukana mamake.

"Tukana, fundi. Mama kafa, hakusikii."

Ndugu yangu alipokuja kunifungua, mke wangu alimwinulia shoka. Ndugu akaondoka bila kuaga.

Ikawa hivyo kila siku: kamba, kidonge, matusi. Mwezi wa tatu kidole gumba na cha shahada vikafunguka. Niliushika mpini wa tezo, ingawa kuchonga bado siwezi. Nilifurahi, nikamwambia sasa anifungue huu wa kushoto.

Akautazama, ulimi ukipita kwenye pengo la jino.

"Huo bado haujapona," akasema, akakaza fundo.