Paka wa Baba na Kibuyu cha Jirani

Paka wa baba alianza kutembea kwa visigino. Miguu ya nyuma ililala chini yote, akawa anajikokota uani kama mzee aliyepiga magoti kanisani akasahau kuinuka. Waliopita walicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua nyumba yetu ingekuwaje paka huyo akifa.

Alikuwa mzee, zaidi ya miaka kumi na mitatu. Vita vya huku Rwanda vilipokwisha, tulivuka daraja la Rusizi kutoka Bukavu, Congo, kuja Kamembe, kurudi "kwetu", ambako mimi sikuwa nimewahi kulala hata siku moja. Baba alimtia paka kapuni akamkabidhi mama. "Tangulieni na huyu. Mimi nauza nyumba, nakuja." Vita vya ng'ambo navyo vikaanza. Nyumba haikuuzwa na baba hakuja. Hatukupata maiti wala kaburi. Tulibaki na paka. Mama alimmegea chakula kutoka sahani yake, akamsimulia habari za mchana kama anavyosimuliwa mume. Nilichukia kumsikia, na hata leo nikikumbuka nachukia, lakini ukweli ni kwamba asubuhi mama aliamka kwa ajili ya paka. Kwa ajili yangu sidhani.

Mama mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa sukari. Frigo ya kupoza vitu hatukuwa nayo, kwa hiyo chupa ya insulini, dawa yake ya kujichoma, tuliiweka kwenye chungu cha maji, pembeni mwa kitanda chake. Dawa ilitoka Bukavu. Mpaka ukifungwa, ilikuja imeviringishwa ndani ya vitenge vya wale mama wafanyabiashara walionijua, kwa sababu mimi nauza vitenge sokoni. Chupa moja ilitugharimu kuombaomba kwingi.

Mama ndiye aliyetambua ugonjwa wa paka. Paka akikojoa, sisimizi walikusanyika pale pale, na ugonjwa wa mama mwenyewe ulijulikana hivyo hivyo Bukavu, kwa sisimizi wa chooni. Tukamwita veterineri wa ng'ombe. Alicheka kwanza. Kisha alimpapasa miguu, akasema inawezekana kabisa ni sukari, na sukari ndiyo iliyomlegeza miguu. "Bazungu banabachomaka sindano ya insulini. Kidogo sana, kistari kimoja cha bomba kwa siku. Lakini hapa kwetu?" Akaosha mikono, akaenda zake.

"Kistari kimoja tu, mwanangu," mama alisema.

"Aka, Maman! Bantu wazima wanakufa kule kijijini Gitambi kwa kukosa hiyo dawa, sisi tumchome paka? Watatusema mpaka tuhame tena."

Mama hakubisha. Alikaa siku tatu akimega chakula bila kukila. Siku ya nne, alipokwenda misa ya asubuhi, nilifungua kile chungu, nikavuta kistari kimoja, nikamchoma paka shingoni nikikitukana kichwa changu. Kuanzia siku hiyo nilifanya hivyo kila asubuhi, nikamficha kila mtu, mama akiwa wa kwanza.

Basi vituko vikaanza. Paka alikuwa akitembea vizuri, mara kichwa kinapinda upande mmoja, anazunguka akigonga ukuta, macho yamekodoka na hayaoni. Kisha anaanguka, miguu inapiga, mate yanatoka. Baada ya muda anaamka, anajilamba, anatafuta samaki. Siku nyingine hakupatwa kabisa. Wana maombi walisema ni pepo. Veterineri alituma neno kwamba yuko Bweyeye na ng'ombe wagonjwa, na barabara imekatika.

Ni mama aliyeona kwamba paka alianguka saa za baada ya chakula cha mchana. Na saa hizo tulikuwa na mgeni mmoja tu.

Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama mtu mzima anayekamua juisi ya ndizi mbivu. Mume wake alikuwa gerezani kwa mambo ya vita. Kesi yake haijasikilizwa, lakini sisi tuliotoka Congo tulikuwa tumeshaihukumu. Hata hivyo mama alimpenda. Alikuja kila mchana na kibuyu chake, wakakaa wakichambua maharage, wakateta. Huku kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Yule mama na mama yangu walikuwa wameshaiacha desturi hiyo. Alifika, akamimina, akatoa. Mama alikataa kwa sababu ya sukari, wakacheka wote wawili, nikanywa mimi nikiwapo.

"Kila akija, paka anaanguka," mama aliniambia. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Mimi na hasira zangu, sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Kesho yake niliacha meza ya vitenge mchana, nikarudi nyumbani. Paka alikuwa amelala chini anatetemeka, na jirani amempakata, kidole kimelowa juisi, anakipitisha kwenye ufizi wake.

"Unamlisha nini?"

"Yoo! Ni juisi tu, mwanangu. Namulowesha kinywa, anaamukaka."

"Onja."

Alinitazama kana kwamba hakusikia. Nikapaza sauti, watu wakaanza kuchungulia juu ya ukuta. "Onja! Onja mbele ya bantu wote waone!" Mama alikuwa amekaa pale pale mkekani, maharage mapajani, anachambua. Jirani aliinua kibuyu akanywa, na sikumwambia inatosha. Alikunywa mpaka juisi ikamwagika kifuani. Alipomaliza, alimlaza paka taratibu, akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Shukrani ya punda ni mateke," alisema, akatoka.

Paka alikuwa ameshaamka anatembea. Hata hilo halikunifungua macho, mjinga mimi.

Hakuja kesho yake, wala kesho kutwa. Siku ya tatu nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mama chini, paka magotini mwake, amekakamaa. Paka alikuwa ameanguka mchana, mama akaomba, akampepea, akamwita kwa jina alilompa baba. Hakuamka.

Tulimzika nyuma ya jiko. Nilikuwa nikichimba huku namlaani jirani kwa sauti, ili asikie upande wa pili wa ukuta, mama aliponishika mkono.

"Acha. Ni miye."

"Ni wewe nini, Maman?"

"Nilikuwa namuchoma dawa. Kila mchana, nikishajichoma. Kistari kimoja tu, kama alivyosema yule veterineri. Wewe ulikataa, nikaogopa utanigombeza."

Jembe lilinidondoka. Ee Mungu wangu. Nikamwambia na mimi: kistari kimoja, kila asubuhi. Tulitazamana juu ya lile shimo, watu wawili waliofichana wema na kumuua waliyetaka kumponya. Ningetaka kusema tulikumbatiana. Hatukukumbatiana. Mama aliniuliza kwa nini sikumwambia, nami nikamuuliza yeye vilevile, nikaokota jembe nikamaliza kuchimba.

Veterineri aliporudi alitueleza mengine, bila huruma. Dawa ikizidi, sukari ya mwilini inaisha, na mnyama hupinda kichwa na kuanguka vile vile. Kinachomwokoa ni kitu kitamu, apakwe mdomoni haraka. "Nani alikuwa anamupatia kitu tamu?" aliuliza. Mama alianza kulia.

Tulikwenda Jumapili baada ya misa, tumevaa vizuri, tumebeba kitenge changu kizuri kuliko vyote. Jirani alitufungulia. Alitupatia viti, akatusikiliza mpaka mwisho. Nilisema nimekosa, nikasema yote, sindano zangu na za mama. Umdhaniaye ndiye kumbe siye, nilimwambia. Alijibu, "Nimesikia." Kitenge alikikunja vizuri akakirudisha mapajani mwangu.

Kisha, kwa kuwa ni mtu aliyelelewa vizuri, na kwake mgeni hatoki mikono mitupu, alileta kibuyu. Alimimina glasi mbili. Akainua ya kwanza, akanywa fundo moja, akameza ili tuone, akampa mama. Akainua ya pili, akaonja, akanipa mimi.

"Nimeshaonja. Kunyweni."

Mama, ambaye sukari ilimkataza hata embe, aliinywa yote bila kupumzika, akaweka glasi chini, akamtazama jirani usoni kama mtoto anayengoja kusamehewa. Jirani aliichukua ile glasi, akaenda kuiosha.

Mama hayupo tena. Sisi wawili bado tu majirani, tunasalimiana kila siku, na nikiugua yeye ndiye wa kwanza kufika na uji. Anaonja kwanza, kila mara. Nimemwomba aache, hata mbele ya watu nimemwomba. Anameza, ananipa kikombe, anasema, "Kunywa, mwanangu, hakuna kitu."