Mama wa Beki

Ndani ya basi la Edmonton, mama aliyevaa sare ya kuhudumia wazee aliongea na dada yake wa Mombasa, simu ikiwa kwenye spika, kama kwamba abiria wengine hatujui Kiswahili.

"Mwanangu kapata mkataba! Miaka sita ya viwanja vya matope, sasa ni beki wa daraja la nne."

"Atafunga magoli mangapi?"

"Hafungi, anazuia."

"Nani atamwona, basi?"

Mama akajigonga kifua. "Na mimi nani huniona? Mzee ninayemhudumia asipoanguka kutwa, hakuna apigaye makofi."

Nikapiga makofi.

Akageuka, macho yamemtoka. "Kumbe wasikia?"

"Tangu ulipopanda, mama. Hongera."

Jumamosi nakwenda kwenye mechi ya mwanawe, kushangilia magoli yasiyoingia.