Nani Dada Kati Yao

Maeng Da-ol alizaliwa siku za mwisho za Februari, na kule Korea, enzi hizo, hilo lilitosha kumvuruga mtu maisha yake yote. Waliozaliwa Januari na Februari walianza shule pamoja na watoto wa mwaka uliotangulia. Mama yake alijivunia. Hakuwaza kwamba binti yake atakuwa mfupi kuliko darasa zima, kwamba wenzake wakigundua mwaka wake wa kuzaliwa watamwita mtoto, hali wa darasa la chini, waliozaliwa mwaka uleule, watalazimika kumwita dada, kama mkubwa wao.

Kwenye voliboli ndipo ikawa balaa. Alianza akiwa mpigaji, akiruka weee, lakini urefu ukamgomea. Wakamgeuza libero, yule mlinzi wa nyuma mwenye jezi ya rangi ya peke yake, asiyeruhusiwa kushambulia, kazi yake kuokoa mpira usiguse sakafu. Timu ya kwanza ikamwacha. Akachezea timu ya manispaa, ambako mashabiki walikuwa wazazi wa wachezaji basi. Alipofika miaka ishirini na saba, timu moja ya ligi kuu, huko Daejeon, ikamchukua kwa msimu mmoja, wamwangalie.

Kapteni wa timu hiyo alikuwa Guk Se-yeong, mpigaji mrefu kama mlingoti, aliyezaliwa Machi ya mwaka huohuo, siku chache tu baada ya Da-ol. Kwa kalenda, marika. Kwa shule, Da-ol ni dada. Kwa timu, Se-yeong ni mkubwa.

"Nikuiteje?" Se-yeong alimuuliza siku ya kwanza, wakifunga viatu.

"Utakavyo wewe."

"Maana tumezaliwa mwaka mmoja. Nikuite dada kwa sababu mama yako alikuwa na haraka?"

Da-ol akacheka. Hakujua kama ule ulikuwa utani.

Basi hawakuitana kitu. Mezani ilikuwa "samahani, hiyo kimchi". Bafuni, "aliye na sabuni". Mpishi wa bweni, Shangazi Ok, aliwapikia supu ya mwani ya siku ya kuzaliwa, sufuria moja kwa wote wawili, akamwambia Da-ol, "Juzi serikali imebadili hesabu ya miaka, imewapunguzia watu wote umri. Ungeiomba ikupangie na wewe rika lako, mwanangu."

Lakini uwanjani huwezi kumwita mtu "samahani". Libero ndiye anayeona yote, ndiye wa kupaza sauti: fulani, achia, fulani, wako. Sasa amwite kapteni kwa jina tupu, aonekane hana adabu? Amwite dada, ajishushe mwenyewe? Akiwa bado anapima, mpira unaanguka katikati yao, pu, nao wanatazamana kama wageni wawili mlangoni, kila mmoja anamkaribisha mwenzake atangulie.

Waliposhindwa mara ya tatu mfululizo, Kocha Bong alimvuta pembeni.

"Mpira mmoja tu ukianguka tena kati yenu, jezi hiyo anavaa yule chipukizi wa benchi. Na habari ya mkataba mpya usahau."

"Kocha, sasa nimwiteje?"

"Mwite mbuzi ukitaka. Mradi umwite."

Jumapili, seti ya mwisho, wapinzani walianzisha mpira wa kuelea. Ukayumba hewani, ukaja palepale katikati. Da-ol aliona ni wa Se-yeong. Akafungua kinywa kabla hajaamua, na ulimi hauna mfupa.

"Dada, wako."

Se-yeong alishtuka, ila mikono ilikwisha kunyooka. Mpira ukapanda vizuri, wakapata pointi. Ukumbi ulipiga kelele. Wale wawili walikuwa wametoleana macho.

"Umeniita nani?"

"Sijui. Limetoka lenyewe."

"Haya, mdogo wangu. Rudi nyuma, tunaanzisha sisi."

Wakashinda. Jumatatu Kocha Bong akamwambia Da-ol abaki, miaka miwili. Alipaswa kufurahi, na alifurahi, mpaka chakula cha jioni, Im Ju-ran alipoweka kijiko chini. Ju-ran, mchezaji mwenzao, alisoma darasa moja na Da-ol, mwaka mmoja mbele ya Se-yeong, na Se-yeong amekuwa akimwita dada miaka yote.

"Hebu nielezeni. Se-yeong ananiita mimi dada. Wewe unamwita Se-yeong dada. Mimi na wewe tumekaa dawati moja. Sasa mimi nani hapa?"

 Da-ol akamsogezea bakuli la wali kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa. Ju-ran alilitazama lile bakuli asijue alipokee kwa mkono mmoja au yote miwili.