Ndugu Asiyeitika Marahaba

Bibi yangu alikuwa na nyumba Gerezani, ya korido katikati na vyumba huku na huku. Chumba cha mwisho, kile kilichopakana na choo ambacho kila mpangaji alikikimbia, alimpa mpigania uhuru kutoka nchi moja ya kusini.

Watoto tulipoambiwa anakuja mpigania uhuru, tulijipanga barazani tuione bunduki. Akashuka mtu mwembamba mwenye miwani, na begi moja la kitambaa. Basi!

"Mpigania uhuru gani huyu, hata panga hana?" binamu yangu akasema kwa sauti. Bibi akamtia kofi la kisogo.

Mimi nikatangulia kumwamkia mgeni. Nikakunja goti kama nilivyofunzwa. "Shikamoo." Jamani, si akanishika mikono yote miwili, akaniinua!

"Inuka, ndugu yangu," akasema. "Watu hawashikani miguu."

Kumbe kuna mtu alimweleza asili ya neno lenyewe, kwamba ni kushika miguu. Na yeye kwao alipigwa na kufungwa kwa sababu ya kuwakataza watu wake kuwapigia wazungu magoti. Kwa hiyo katika mtaa mzima hakumwitikia mtoto yeyote marahaba. Tena miaka ile kila mtu alikuwa ndugu, ndugu mwenyekiti, ndugu karani, naye akalipenda neno hilo kupita kiasi. Hata Bibi alimwita ndugu.

"Ndugu yako mimi?" Bibi akafoka. "Tumenyonya ziwa gani mimi na wewe?"

Hakuwa na bunduki kwa sababu hakuitaka. Kwao aliongoza migomo na maandamano ya mikono mitupu, na wenzake walipoamua kwenda kambini kujifunza silaha, yeye alibaki na maneno yake. Wakamwita mwoga. Mdogo wake wa tumbo moja aliacha kuja kumwona.

Mwoga! Siku moja Bibi alimtuma foleni ya sukari, Msimbazi. Jitu moja likaingia mbele yake, alipolisemesha likamzaba kibao, miwani chini. Akaiokota, akaifuta. "Kumbe una haraka, ndugu. Ungesema tu." Foleni nzima ikacheka, lile jitu likaona haya, likarudi nyuma. Ila sukari nayo ikaisha kabla hajafika dirishani.

"Mtu mzima unazabwa kibao, unasema ungesema!" Bibi alilalama mpaka magharibi, huku anamkanda shavu kwa kitambaa cha maji ya moto. Tulikunywa chai chungu, na nilimpenda mtu yule kuliko nilivyowapenda wajomba zangu wote.

Jambo moja tu Bibi hakumsamehe. Mgeni wetu alikuwa na mtoto wa kike. Mkewe alifia gerezani huko kwao, naye akavuka mpaka na mtoto mgongoni, akamwacha kwa masista karibu na Songea, kwa kuwa yeye leo alikuwa huku, kesho kule, akiwasemea watu wake. Kila likizo aliapa kumleta. Kila likizo ukatokea mkutano. Alikwenda kumtazama mara chache mno, na akirudi, chakula hakipiti.

"Unalea watoto wa nchi nzima," Bibi alimwambia. "Wako analelewa na nani?"

"Ndugu, mimi ni mmoja tu."

Siku hiyo hiyo nilimkuta uwani anafua shati lake, anasugua mahali pamoja tu. Akaniambia bila kunitazama, "Jela niliizoea. Ninachoogopa ni mwanangu kuniona mgeni."

Mwishowe msichana alipomaliza darasa la saba, masista wakakubali kumpandisha basi aje. Bibi akatangaza kwamba safari hii mkutano wowote ukitokea, utamkuta yeye mlangoni na mwiko.

"Na sikiliza," akamwambia. "Mtoto wa masista yule, ana adabu zake. Atakuamkia shikamoo. Wewe itika marahaba! Usimletee siasa."

Tukafanya mazoezi uwani. Mimi shikamoo, yeye marahaba. Lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Wapangaji walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini hakukata tamaa, na hata akiwa peke yake chumbani tulimsikia ukutani: marahaba, marahaba.

Siku ikafika. Bibi alipika pilau tangu asubuhi. Msichana akaingia koridoni kwa gauni la buluu, amejaa vumbi la safari, mrefu kuliko tulivyodhani. Akampigia Bibi goti. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia baba yake, aliyesimama na shati lake la pasi, neno liko tayari mdomoni.

Msichana akampa mkono. "Habari za kazi, ndugu."



"Mwanangu wee," Bibi akasema, "huyo ni baba yako. Ndugu tena?"

Msichana akashangaa. Hakuwa na kiburi hata chembe. "Yeye mwenyewe alinikataza shikamoo, alipokuja shuleni. Alisema mimi na yeye ni ndugu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Marahaba yake yote ile, haikuwa na wa kuitikiwa. Akavua miwani, akampa Bibi. Halafu mtu yule, ambaye virungu vya kwao vilishindwa kumpigisha magoti, akapiga magoti kwenye sakafu yetu, akaishika miguu ya mwanawe, na viatu vyake na vumbi lake.

"Shikamoo," akasema, huku analia.

"Astaghfirullah," Bibi akanong'ona.

Msichana alitutazama sisi sote, hajui afanye nini. Kisha akainama, akamshika mikono yote miwili, vilevile nilivyoshikwa mimi barazani.

"Inuka, baba," akasema. "Watu hawashikani miguu."