Jiwe Lenye Mawimbi

Nilipokuwa darasa la nne, kijijini kwetu nje ya Kasulu, baba yangu alikuwa mtu pekee aliyejua maji yote ya dunia yalikotoka. Alikuwa mwinjilisti. Alifundisha kwamba Mungu aliyagawa maji, mengine akayaweka juu ya anga na mengine chini ya ardhi, na siku ya Gharika akayafungulia yote kwa pamoja. Vilima vyetu, alisema, ni tope lililokauka Nuhu aliposhuka. Nilimwamini kabisa, na nilijiona mwenye bahati kuwa na baba wa namna ile.

Bibi, mama yake, alijua maji ya mahali pamoja tu. Chemchemi yetu ilitoka chini ya genge, na mdomoni pake palikuwa na jiwe bapa tulilosimama juu yake tukikinga ndoo. Bibi alisema chini ya jiwe lile amelala mwenye maji, joka lisilopenda kusumbuliwa. Kila asubuhi alidondosha punje chache za ulezi pale na kusema "Mwakeye", kama alivyowaamkia majirani.

"Jiwe hili lisiguswe," aliniambia. "Likiondoka, naye ataondoka, nanyi mtakunywa na ng'ombe."

Jumapili hakukosa kanisani, na hakuona ugomvi wowote kati ya kanisa na ulezi wake.

Siku moja nilisugua utelezi wa kijani juu ya jiwe nikaona mistari, imejikunja safu kwa safu kama mchanga wa mtoni maji yanapopungua. Nikakimbia kumwita baba, kwa sababu nilitaka anisifu. Alinisifu. Alipiga magoti, akapitisha vidole kwenye mistari ile, machozi yakamtoka.

"Mawimbi ya Gharika," akasema. "Miaka yote hii tunayakanyaga."

Wiki hiyohiyo vijana wanne wa kwaya walilibeba kwa miti hadi kanisani, likawekwa chini ya mimbari. Bibi alisimama njiani akawatazama wakipita.

Mvua zilipokolea, genge likaporomoka. Tope likafukia chemchemi, na maji yakaibukia bondeni, kwenye matete wanakonyweshwa ng'ombe. Joka bila shaka halikuwepo. Jiwe ndilo lililoshikilia udongo, na nadhani waliomfundisha bibi katazo lile walilijua hilo vizuri. Watoto wakaanza kuharisha, watu wakaulizana chinichini ni nani aliyeagiza jiwe lihamishwe, na baba akawasikia.

Jumapili iliyofuata alisema kanisani kwamba Mungu ameifunga chemchemi kwa sababu ya matambiko. Akanisimamisha mbele.

"Ulimwona bibi yako akimwaga ulezi kwenye chemchemi?"

"Ndiyo," nikasema. Maneno mengine, ya jiwe, yalikuwa mdomoni tayari.

"Inatosha, mwanangu. Kaa."

Nikakaa.

Bibi akatengwa, asishiriki Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu. Alikataa. Jioni alinikuta jikoni, akaniambia bila hasira, "Ulezi nilimwaga. Jiwe sikulibeba." Hakulizungumzia tena. Alikufa miaka miwili baadaye hajatubu, na kwetu aliyetengwa hazikwi na kanisa. Baba yangu, aliyekuwa amezika nusu ya kijiji, alisimama kando ya kaburi la mama yake akafunga mdomo. Hakuna aliyeimba. Nilimchukia siku ile, na bado sijamaliza.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Wanawake bado wanashuka kwenye matete. Baba amezeeka, na wageni bado anawaonyesha jiwe lake. Sina ugomvi na mistari ile. Maji yalipita pale, yawe ya Nuhu au ya nani, sijui.

"Baba, jiwe hili lilitoka wapi?" nilimuuliza wageni walipoondoka.

"Kwenye Gharika, mwanangu."

"Nauliza kabla ya kuletwa hapa kanisani."

Akamwita mjukuu wake amletee kiti.

Nina uchungu naye, sitajifanya sina. Lakini aliyelisugua jiwe ni mimi, na aliyesimama mbele ya watu ni mimi. Laiti ningesimamishwa tena mbele ya kanisa lile nikaulizwa swali lilelile, ningejibu ndiyo, kisha nisingekaa.