Nimefaulu kwa Sauti ya Wifi Yangu

Admin, nifichie jina, na shule ninayofundisha usiitaje, maana Koboko yetu hii ya Uganda ni ndogo na hapa hata mbuzi wanajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwalimu wa shule ya msingi huku Lurujo, mke wa mtu na mama wa watoto wanne. Nimechoka. Siumwi, nimechoka tu, na nikimwambia mume wangu ananiuliza nimechokaje wakati nimefaulu.

Walimu tuliambiwa tuongeze elimu, asiyefikia digrii atawekwa kando. Wifi yangu, dada wa mume wangu, naye ni mwalimu, anaishi Oli, pale Arua. Tukajiandikisha pamoja kozi moja ya mtandaoni, tukasema tutasukumana.

Mwaka wa kwanza masomo yalikuja yamerekodiwa. Mhadhiri anatuma sauti kwenye grupu, nawe unasikiliza ukipata nafasi. Mimi hiyo ilinifaa jamani! Nilichomeka waya sikioni nikamenya muhogo, nikapalilia maharage, na nisipoelewa narudisha nyuma hata mara tano, hakuna wa kuuona ujinga wangu. Wifi aliuchukia mtindo huo. "Hii sauti naongea tu kama redio," alikuwa akilalamika. "Mimi nauliza nani?" Alisinzia katikati ya masomo, nami nikawa namweleza kwa simu. Tukavuka wote.

Mwaka wa pili wakabadilisha. Sasa ni darasa la moja kwa moja, kila Jumamosi saa nane mchana. Majina yanaitwa, ukiulizwa unajibu, na majibu yana maksi. Wifi akafufuka. Mimi huku kwetu, kupata mtandao wa kubeba darasa la hivyo ni mpaka nipande kichuguu nyuma ya shule, na simu zetu za mpakani zina tabia zao: mara inashika mtandao wa Kongo, na saa yake inarudi nyuma saa nzima. Jumamosi ya kwanza nilipanda kichuguu nikijisifu nimewahi, simu inasema saa nane kasoro. Kumbe Uganda inakaribia saa tisa na darasa linafungwa. Jumamosi ya pili nikafuata saa ya ukutani, nikaingia mapema, nikaulizwa swali, na jibu langu likafika vipande vipande. Mhadhiri akasema, "Madamu, kama hukujiandaa usitupotezee muda." Watu wakacheka. Nilijiandaa, nilisoma wiki nzima, na ile aibu bado inaniuma. Jumamosi ya tatu mtandao haukupatikana kabisa, nikaletewa ujumbe kwamba nikikosa tena nafutwa.

Nikampigia wifi nikilia.

"Wifi, wacha kulia. Mimi iko na simu mbili," akaniambia. "Tuma namba yako ya siri. Moja naingia na jina yangu, ingine na jina yako. Naitika tu, basi."

"Na akikuuliza swali?"

"Watu iko mingi. Atauliza wewe tu?"

Aliniuliza mimi tu. Mhadhiri alishaniweka katika watoro, kwa hiyo kila Jumamosi alianza na jina langu. Wifi akawa anajibu, na anajibu vizuri, maana kuongea ndiyo kipaji chake. Jina lake mwenyewe likakaa kimya, aliogopa sauti moja isisikike mara mbili. Mwaka mzima ulikwenda hivyo, na mimi nilijua. Alinirekodia kila somo akanitumia, nikasikiliza shambani kama zamani, na jioni akinipigia ananitania, "Leo wewe najibu vizuri sana!" Nikacheka. Hiyo ndiyo dhambi yangu, nilicheka.

Matokeo yametoka. Mtihani wa kuandika tumekaribiana. Maksi za darasani mimi nimepata za juu, yeye hana kitu. Mbele ya jina lake wameandika kwamba hashiriki. Mimi nimevuka, yeye arudie mwaka.

Mama mkwe alifurahi hata akachinja kuku na kuita majirani nyumbani kwake Arua. Aliyepika ni wifi. Mama akaagiza firigisi nipewe mimi, ingawa nyumba ile firigisi ni ya mwanamume, na wifi ndiye aliyeniwekea kwenye sahani. Kisha mama akamgeukia mbele ya wageni.

"Wewe iko mjini, network iko, umeme iko, na unashindwa. Angalia mke ya kaka yako, iko kijijini na watoto nne. Jifunza kwake."

Nikafungua mdomo. Wifi akanitazama jicho moja tu, nikaufunga. Nilikula ile firigisi mpaka ikaisha.

Baadaye nilimfuata jikoni. Nilimwambia naenda kusema kweli. Hakugeuka, aliendelea kusugua sufuria.

"Ukisema, sisi wawili nafukuzwa," alisema. "Wewe napoteza kazi, mimi napoteza kazi. Watoto nakula nini? Nyamaza, wifi. Mwaka moja ni kidogo."

Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa, yule mwanamke anayependa kuongea. Tangu siku hiyo hajanipigia. Mume wangu anadhani ananionea wivu, na ameanza kumsema vibaya dada yake mbele ya watoto wangu. Nami nakaa hapo nasikiliza.

Chuo kinapokea malalamiko ya matokeo mpaka Ijumaa. Ndugu zangu mnaosoma hapa, msinionee huruma, nisemeni mnavyoweza, lakini mniambie la kufanya. Nikaseme kweli tuanguke wote wawili? Au ninyamaze, yeye arudie mwaka ambao tayari ameusoma mara mbili, mara moja kwa jina lake na mara moja kwa jina langu?